Mashujaa Waliokatwa Vipande

Mapema mwaka 1975 watu waliokuwa wakiandaa majarida ya katuni ya Marvel kwa ajili ya watoto wa Uingereza waliishiwa sokwe. Jarida la Planet of the Apes lilikuwa likitoka kila wiki tangu Oktoba 1974, na watoto walilipokea kwa shangwe kwa sababu televisheni ilikuwa ikionyesha mfululizo wa jina hilohilo. Tatizo ni kwamba hadithi zenyewe zilichorwa Marekani, kwa ajili ya jarida la Marekani ambalo halikuwa la kila wiki. London ilikula akiba haraka kuliko New York ilivyoweza kuichora. Ikafika siku ghala likawa tupu na mitambo inasubiri.

Kabatini kulikuwa na hadithi nyingine, ya kijana mpiganaji aitwaye Killraven, anayeishi katika dunia iliyotekwa na viumbe kutoka sayari ya Mirihi. Chimbuko lake ni riwaya ya H. G. Wells ya kuvamiwa kwa dunia. Kurasa za Killraven zikatolewa, nyuso za maadui zikafutwa, na juu yake zikachorwa nyuso za sokwe. Maneno yakaandikwa upya. Killraven mwenyewe akapewa jina jipya, Apeslayer, muuaji wa sokwe, na kwa wiki kadhaa akawapigania watoto wa Uingereza dhidi ya maadui ambao mchoraji wake hakuwahi kuwawazia. Ukizitazama kurasa hizo kwa makini unaona viraka: kichwa cha sokwe kimekaa juu ya mabega yaliyochorwa kwa ajili ya kiumbe mwingine kabisa, na unene wa mistari ya uso haulingani na ule wa mwili.

Waliozisoma kurasa hizo wakiwa na miaka minane au kumi leo wanakaribia miaka 60 au wameivuka, na wengi wao wanazipenda kwa namna ambayo Mmarekani wa rika lao hawezi kuielewa kwa urahisi. Kwake yeye, kitu halisi ni toleo la kwanza la rangi lililotoka New York. Nakala ya Uingereza ni marudio tu, na marudio yenye dosari: haina rangi, imekatwa katikati ya hadithi, imechelewa miaka mitano au kumi, na pengine imebandikwa uso wa sokwe. Ninavyoona mimi, mapenzi hayo yametokana na dosari zenyewe. Na ndizo zilizowafunza baadhi ya watoto wale kazi iliyokuja kubadili hadithi za mashujaa dunia nzima.

Mwanzo wa mambo ulikuwa uhaba. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, meli zilizovuka Atlantiki zilihitajika kubeba chakula na silaha, na serikali ya Uingereza ikazuia uingizaji wa majarida ya Marekani. Vita viliisha mwaka 1945 lakini zuio likabaki, kwa kuwa nchi haikuwa na dola za kuchezea, na likaendelea hadi 1959. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba Superman yupo, ila yuko ng'ambo. Nakala chache zilipenya kupitia askari wa Kimarekani waliokuwa kwenye kambi za ndege, na mabaharia walioshuka Liverpool. Nakala moja ya namna hiyo ingeweza kuzunguka mtaa mzima mpaka jalada linyofoke.

Wachapishaji wa ndani waliziba pengo kwa kununua haki za kuchapa upya. Aliyejulikana zaidi ni L. Miller & Son wa London, aliyechapa hadithi za Captain Marvel kutoka kampuni ya Fawcett ya Marekani. Captain Marvel alikuwa mvulana, Billy Batson, anayetamka neno Shazam na kugeuka mtu mzima mwenye nguvu zisizo na kifani. Kwa muda aliuza Marekani kuliko Superman mwenyewe, na wenye Superman wakaenda mahakamani wakidai ameigwa. Kesi iliburuzwa kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1953 Fawcett wakakubali yaishe: wakaacha kabisa kumchapa Captain Marvel.

Kwa Miller hilo lilikuwa janga. Shujaa wake aliyeuzika kuliko wote amefia ng'ambo, na hakuna kurasa mpya zitakazokuja. Akamwita Mick Anglo, mtayarishaji wa katuni aliyekuwa na wachoraji wake, akamwomba mbadala. Anglo alichukua nywele nyeusi akazifanya za rangi ya dhahabu, akabadili vazi jekundu kuwa la buluu, akalivua joho. Billy Batson akawa Micky Moran, tarishi katika ofisi ya gazeti. Neno la siri likawa Kimota, ambalo ukilisoma kinyumenyume linatamkika kama atomic, neno la Kiingereza la atomiki. Toleo la kwanza la Marvelman lina tarehe 3 Februari 1954, na limeandikwa namba 25, kwa sababu namba 24 ilikuwa ya Captain Marvel. Hesabu haikukatika. Mtoto alikwenda dukani na sarafu yake kama kawaida, akakuta shujaa wake amebadili nywele na jina, akaendelea kusoma. Marvelman alidumu hadi 1963, na tutakutana naye tena mbele.

Zuio lilipoondolewa, kampuni ya Thorpe & Porter ya Leicester ilianza kuleta majarida halisi ya Marekani, yenye rangi zote. Bei ya senti 10 za Marekani iliyochapwa kwenye jalada haikuwa na maana kwa mtoto wa Leeds, hivyo kila nakala iligongwa mhuri wa mpira wenye bei ya Kiingereza: peni 9. (Shilingi ya Uingereza wakati huo ilikuwa na peni 12, si senti 100 kama shilingi yetu.) Mhuri ulitua popote mkono wa mgongaji ulipofika, penye anga tupu au usoni kwa shujaa. Baadaye bei ya peni ilianza kuchapwa hukohuko Marekani, kwenye mitambo ileile, wakibadilisha sehemu ndogo tu ya bati la jalada.

Ila ugavi wake ulikuwa wa kubahatisha. Toleo moja lingefika, linalofuata lisifike kabisa. Hadithi za Marvel za miaka ya 1960 zilikuwa za kuendelea: Spider-Man anaachwa amenasa chini ya vyuma vizito, maji yanapanda, na msomaji anaambiwa asubiri mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika, duka la magazeti lina namba nyingine kabisa. Watoto walitembea kutoka duka hadi duka, na wakati wa likizo walipekua vibanda vya miji ya pwani kama Blackpool, ambako bidhaa zilizobaki zilikuwa na tabia ya kuishia. Wasiopata toleo waliitunga sehemu iliyokosekana kichwani. Ukizungumza na mtu wa kizazi hicho utagundua kwamba anakumbuka sehemu aliyoitunga kwa uwazi uleule anaoikumbuka ile aliyoisoma.

Kulikuwa na njia nyingine, ya bei nafuu na ya ajabu zaidi. Alan Class alianza kuchapa mwaka 1959 na hakuacha hadi 1989, miaka 30 ya majarida yenye majina kama Creepy Worlds, Sinister Tales, Uncanny Tales na Secrets of the Unknown. Kwa shilingi moja ulipata kurasa 68 nyeusi na nyeupe ndani ya jalada la rangi. Hayakuwa na tarehe. Ndani mlikuwa na mchanganyiko: hadithi ya mzimu ya mwaka 1956, hadithi ya Spider-Man, dude lililotoka baharini, kisha shujaa wa kampuni ndogo ya Charlton ambaye hata Wamarekani wengi hawakumfahamu. Hadithi ileile ingeweza kurudi miaka michache baadaye, katika jarida jingine, nyuma ya jalada jingine. Msomaji wa mwaka 1980 alikuwa akiwasoma majasusi wa Kisovieti waliochorwa wakati Khrushchev yuko madarakani, bila mahali popote kuelezwa kwamba mambo hayo yalishapita.

Nimekutana na watu wanaoyadharau majarida ya Alan Class kwa sababu ya karatasi yake duni na mpangilio wake wa ovyo. Mimi nayaheshimu sana. Yalikuwa maktaba isiyo na mkutubi, na mtoto ndani yake alilazimika kujipangia mwenyewe nani ametangulia, nani amechora nini, hadithi ipi inahusiana na ipi. Majina ya wachoraji mara nyingi hayakuandikwa, kwa hiyo alijifunza kuwatambua kwa mikono yao. Vidole vilivyopinda kana kwamba vinaroga ni vya Steve Ditko. Ngumi inayomjia msomaji usoni ikiwa kubwa kuliko kichwa cha mwenye nayo ni ya Jack Kirby. Hiyo ni elimu, na wengi waliipata sakafuni chumbani kwao.

Kisha wakaja wakubwa. Odhams Press, shirika lililozoea magazeti ya wasomaji wengi, lilikuwa na jarida la vichekesho liitwalo Wham! tangu 1964. Mwaka 1966 likaanza kuwachapa humo Fantastic Four, na Hulk akaingia katika jarida ndugu, Smash!. Mwaka 1967 yakafuata Pow!, lenye Spider-Man, kisha Fantastic na Terrific, yaliyokaribia kuwa ya mashujaa watupu: Thor, Iron Man na X-Men huku, Avengers, Sub-Mariner na Doctor Strange kule. Yote matano yalijiita Power Comics, na wahariri wake walijitambulisha kwa wasomaji kama Alf, Bart na Cos, wakizungumza nao kwa uchangamfu uleule ambao Stan Lee, mhariri wa Marvel, aliutumia New York.

Katika Smash! na Pow!, Hulk na Spider-Man walikaa ukurasa kwa ukurasa na vichekesho vya watoto watukutu wa shule za Kiingereza. Mmarekani angeliona jambo hilo ni kituko. Kwa msomaji wa Manchester halikuwa na ajabu yoyote: New York yenye majumba marefu na mtu wa buibui ilikuwa jirani wa mwalimu mwenye fimbo. Na Fantastic lilikuwa na shujaa wake mwenyewe wa nyumbani, Johnny Future, aliyeandikwa na Alf Wallace na kuchorwa na Mhispania Luis Bermejo kwa ustadi ambao hauipi Marvel nafasi ya kujigamba. Kijana wa London aitwaye Barry Smith alichora picha za ukurasa mzima za mashujaa kwa majarida haya. Miaka michache baadaye, akiwa Marekani, ndiye aliyempa shujaa Conan sura ambayo wengi wanamjua nayo.

Power Comics hazikudumu. Haki za Marvel zililipiwa kwa dola, na Novemba 1967 serikali ya Harold Wilson ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Jarida la watoto ni biashara ya peni, na pengo la namna hiyo linauma. Terrific liliunganishwa na Fantastic mapema 1968. Wham! likamezwa na Pow!, Pow! likamezwa na Smash!, na Fantastic nalo likafuata njia hiyohiyo. Machi 1969 mashujaa wa Kimarekani wakaondolewa kabisa. Wasomaji wa Uingereza waliijua dalili ya mapema: jalada likitangaza kwamba ndani kuna habari njema sana, ujue jarida lako linakufa na wiki ijayo utalikuta limegeuzwa jina dogo chini ya jina la jingine.

Marvel waliporudi walikuja wenyewe. The Mighty World of Marvel lilianza vuli ya mwaka 1972, likiwa na tarehe 7 Oktoba, bei peni 5 mpya. Hulk, Fantastic Four na Spider-Man walianzishwa upya kutoka hadithi zao za kwanza kabisa, zile za 1961 na 1962, na ndani ya jarida kulikuwa na zawadi: picha ya kubandikwa kwenye fulana kwa pasi. Wahariri waliongeza rangi moja tu, kijani, katika baadhi ya kurasa. Februari 1973 Spider-Man akapata jarida lake, na baada ya hapo yakaja mfululizo.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwasumbua. Jarida la Marekani lilikuwa na karibu kurasa 20 za hadithi kwa mwezi. Jarida la Uingereza lilitoka kila wiki na kumpa kila shujaa kurasa kumi hivi, au pungufu kidogo. Kwa mwaka, Marekani inachora kurasa 240 na Uingereza inataka zaidi ya 400. Akiba ya miaka kumi ilionekana haina mwisho mwaka 1972. Kila wiki iliyopita ilisogeza siku ya kuwafikia wachoraji mezani kwao. Ndiyo maana hadithi zilikatwa mara mbili au tatu. Na kila kipande kilihitaji mwanzo, kwa hiyo mtu alikaa akatengeneza ukurasa mpya wa kufungulia, mara nyingi kwa kukuza picha iliyomo ndani ya hadithi na kuiandikia kichwa cha habari. Mtoto aliyekuja kupata toleo la Marekani alishangaa: ukurasa alioupenda kuliko wote haumo. Ulitengenezwa kwa ajili yake tu, ili kipande cha pili cha hadithi kiwe na mlango.

Oktoba 1975 likazaliwa The Titans, na hili nalitetea popote. Lililazwa ubavu. Kila ukurasa wake ulibeba kurasa mbili za Marekani upande kwa upande, zikiwa zimepunguzwa. Kwa fedha ileile msomaji alipata hadithi karibu maradufu, akailipia kwa macho. Maneno yalikuwa madogo mno, na mtoto aliyesoma kwa tochi chini ya blanketi alilazimika kuusogeza ukurasa hadi karibu na pua. Lakini kurasa mbili zikikaa pamoja hivyo unaona jambo ambalo nakala ya Marekani inalificha kila unapofunua: jinsi mchoraji anavyoyavuta macho kutoka kona ya juu kushoto hadi ngumi ya mwisho upande wa kulia.

London ilikuwa na wahariri wake, vijana wa mshahara mdogo, na mmoja wao katikati ya miaka ya 1970 alikuwa Neil Tennant, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama mwimbaji wa Pet Shop Boys. Kazi yake ilihusisha kubadili tahajia ya Kimarekani iwe ya Kiingereza na kuelekeza ni picha gani za wanawake zinahitaji kuongezewa nguo kabla watoto hawajaziona. Oktoba 1976 Marvel ilimtoa shujaa wa Kiingereza, Captain Britain, kwa rangi. Mwandishi alikuwa Chris Claremont, aliyezaliwa London akahamia Marekani akiwa mtoto mdogo, na mchoraji Herb Trimpe, Mmarekani. Rangi ilidumu miezi michache, jarida lenyewe halikumaliza mwaka.

Nizungumzie sasa weusi na weupe, maana hapa ndipo mapenzi yanapolala. Rangi za katuni za Marekani zama zile zilikuwa nukta za wino nne kwenye karatasi ya gazeti. Mara nyingi zilihama mpaka, nyekundu ikamwagika nje ya joho. Chukua ukurasa wa Doctor Strange wa Ditko ulivyochapwa katika Terrific. Kuna njia inayoelea bila nguzo, mlango uliosimama bila ukuta, umbo kama mdomo linalomeza njia nyingine. Katika nakala ya Marekani zambarau na chungwa vinajaza nafasi yote na macho yanatulia kwenye rangi. Ziondoe, na kinachobaki ni uamuzi wa mkono: hapa mstari mnene, hapa mwembamba, hapa nafasi imeachwa tupu kwa makusudi ili njia ionekane ndefu. Au tazama nukta nyeusi ambazo Kirby alizimwaga angani kuonyesha nishati. Bila rangi zinawaka. Na kurasa zenyewe zilikuwa kubwa kuliko za Marekani, hivyo mchoro ulipata hewa. Marvel ya miaka ya 1970 iliharibu kidogo kwa kubandika karatasi za nukta za kijivu kila mahali, na kurasa nyingine zikawa matope. Kwangu chapa za Odhams ni bora kuliko za rangi.

Kwa mtoto aliyetaka kuchora, ukurasa wa namna hiyo ulikuwa darasa. Aliweza kuuiga kwa kalamu na wino vilevile vilivyoutengeneza.

Waangalie waliotoka humo. Dave Gibbons alizaliwa 1949, Alan Moore wa Northampton 1953, Grant Morrison wa Glasgow na Neil Gaiman 1960. Wote walikua katika nchi ambayo mashujaa walifika vipandevipande, kwa mpangilio wa ovyo, kutoka mahali pasipofikika. Katika miaka ya 1980 kampuni ya DC ilianza kuwaajiri waandishi na wachoraji wa Uingereza mmoja baada ya mwingine. Maelezo ya kawaida ni kwamba walileta jicho la mgeni. Sidhani inatosha. Walileta mazoea ya kuziba mapengo. Mtu aliyetumia utoto wake akitunga sehemu zilizokosekana za hadithi ya Spider-Man hashtuki akikabidhiwa shujaa aliyeharibika na kuambiwa amtengeneze.

Watchmen, kazi ya Moore na Gibbons iliyotoka 1986 na 1987, ilianza kama pendekezo la kuwatumia mashujaa wa Charlton ambao DC ilikuwa imewanunua: Captain Atom, Blue Beetle, Question na wenzao. DC haikutaka waharibiwe, kwa hiyo Moore akatunga wengine badala yao. Charlton ilikuwa kampuni ya daraja la tatu. Lakini hadithi zake ni miongoni mwa zile zilizojaza majarida ya Alan Class, na mtoto wa Uingereza aliyezisoma humo hakuwa na namna ya kujua kwamba anatakiwa kuzidharau. Zilikaa kitabu kimoja na Spider-Man, kwa shilingi ileile.

Kabla ya hapo, Machi 1982, toleo la kwanza la jarida la Warrior lilimrudisha Marvelman. Moore aliandika, Garry Leach akachora. Micky Moran sasa ni Mike, mwandishi wa habari wa umri wa kati, ana mke, ana maumivu ya kichwa, na kila usiku anaota anaruka. Neno lake amelisahau. Anatekwa katika tukio la uvamizi kwenye kituo cha nyuklia, anaburutwa kupita mlango wa kioo, na anaziona herufi za neno atomiki kutoka upande wa nyuma. Analitamka. Simjui mwandishi mwingine aliyeieleza vizuri zaidi hamu ya mtu mzima kwa vitu vya utotoni, na aliieleza kwa kumtumia shujaa aliyebuniwa haraka kufidia marudio yaliyokatika. Moore hakuishia kwenye furaha ya kuruka tena. Aliuliza ni nini kingewapata watu wa kawaida kama kiumbe cha namna ile kingekuwepo kweli, na majibu yake ni mazito. Wamarekani walipomchapa kuanzia 1985 ilibidi aitwe Miracleman, kwa kuwa Marvel hawakupenda jina. Mwaka 2009 Marvel hao hao wakatangaza kuzinunua haki zake.

Wakusanyaji wamechelewa kuvithamini vitu hivi. Kwa miaka mingi nakala ya Marekani yenye bei ya peni ilihesabiwa duni sokoni, ingawa ilitoka mtamboni siku zilezile na zenye bei ya senti. Sasa wapo wanaozitafuta kwa sababu ni chache. Majarida ya kila wiki hayajafika huko. Yalikatwa kuponi, yakajazwa fumbo la maneno kwa kalamu ya wino, yakauzwa tena kwenye minada ya kanisa. Mengi yaliyobaki yana maandishi ya penseli kwenye kona ya jalada: jina la familia au namba ya nyumba, iliyoandikwa na mwenye duka alfajiri ili kijana wa kupeleka magazeti ajue amwachie nani. Zawadi ya fulana ikiwa bado imo ndani, hiyo ni bahati kubwa, kwa kuwa lengo la zawadi lilikuwa itumike.

Marvel huchapa upya hadithi zake za zamani katika vitabu vizito vya jalada gumu, rangi zimesafishwa, mpangilio umenyooshwa, kila toleo mahali pake. Johnny Future alipata kitabu chake mwaka 2020 kutoka kwa Rebellion wa Oxford. Lakini The Titans kama ilivyokuwa, pamoja na kurasa zake mbilimbili, haina wa kuirudisha, kwa sababu kwa mwenye haki hiyo si hadithi, ni namna mbaya ya kuichapa hadithi aliyonayo tayari. Sheria inaitaka British Library ipate nakala ya kila kinachochapwa nchini humo, na hilo linasaidia. Nakala ya maktaba, hata hivyo, haikupita mikononi mwa mtoto. Kwa hiyo mwenye sanduku la majarida haya darini, anayefikiria kuyapiga picha kabla karatasi haijawa vumbi, asichague hadithi peke yake. Apige kurasa za barua za wasomaji, matangazo ya peremende na baiskeli, salamu za Alf na Bart na Cos, ukurasa wa kufungulia ambao New York haikuuchora, kona ya jalada yenye namba ya nyumba, na mhuri wa peni 9 popote ulipoangukia.